Msimjibu Alfredi

Watu waliofanya kazi kwenye mashamba ya ngano ya serikali, kule tambarare za Hanang, wanamkumbuka Hilaria kwa jambo moja: hakuacha mtu amwite mara ya pili. Ulibonyeza kitufe cha redio koli, ukataja kituo chake, na kabla hujashusha pumzi sauti yake ilikuwa imeshakufikia. Hata mlevi aliyeita kumwambia kuku wake ametaga alijibiwa, akapongezwa, kisha akaombwa awapishe wenye shida. Vijana wa karakana walimcheka, wakasema mama huyu angejibu hata upepo. Wacha wacheke. Walikuwa bado wanachunga ndama mwaka ule ambao Hilaria aliwafundisha wahudumu wote wa redio namna ya kunyamaza.

Alizaliwa Nambis, juu Mbulu, kwenye nyumba ya wakulima wa mahindi na maharage wenye ng'ombe wachache wa kulala ndani. Kwao alifunzwa mapema kuliogopa yowe. Yowe likipigwa, kila mwenye miguu hutoka. Mwenye jembe huliacha shambani, mwanamke huacha sufuria ikiungua, na asiyetoka hulipishwa ng'ombe. Kwa hiyo yowe si kitu cha kuchezea. Hilaria alipokuwa msichana, jirani yao mmoja aliyependa sana kutazamwa alipiga yowe la bure, apate tu kuona watu wakimkimbilia. Wazee hawakumpiga, walimtenga. Hakuna aliyemsalimia wala aliyeitikia salamu yake, na mkewe alipokwenda kuomba moto kwa majirani alikuta milango imefungwa. Alivumilia weee, mwisho akapika pombe, akaipeleka kwa wazee na kupiga magoti, mambo yakaisha. Lakini Hilaria hakusahau jinsi mtu yule alivyokuwa akipita njiani peke yake, midomo inacheza na sauti haitoki. Alimwogopa kuliko mchawi.

Kazi ya redio aliipata kwa sauti yake. Kanisani ndiye aliyekuwa akisoma somo, na bibi wa benchi la nyuma kabisa, mwenye masikio mazito, alimsikia vizuri. Padre akamwombea kazi. Akashuka tambarare pamoja na mumewe Yoakimu, fundi wa kombaini za kuvunia ngano, mtu mpole wa mikono mikubwa aliyeongea kidogo kuliko mashine zake. Wakapewa chumba kwenye makazi ya wafanyakazi, pale makao makuu ya mashamba.

Sasa, asiyeijua redio koli afahamu kwamba haikuwa kama simu. Kila shamba lilikuwa na chombo chake na betri ya gari, na vyombo vyote vilikuwa kwenye wimbi moja. Alichosema mmoja kilisikika kwa wote. Asubuhi na jioni mashamba yalitoa ripoti: mvua, dizeli, kombaini ngapi zinatembea, lori gani limekwama. Ripoti ikiisha, mazungumzo yalianza. Helena wa Shamba la Kati angeuliza nani ana sabuni, maana miaka ile sabuni ilikuwa adimu kama nyama ya Kwaresima. Mwingine angeleta ubishi wa mpira, wakabishana mpaka betri zinalegea. Hawakuwa wakionana uso kwa uso ila kwa nadra, na bado walijuana kwa kikohozi.

Alfredi ndiye aliyekaa mbali kuliko wote, kwenye shamba walilozoea kuliita Shamba la Mwisho. Alikuwa kijana, hana mke, anaishi kwenye kibanda cha bati chenye chombo cha redio na kitanda cha kamba. Jirani yake wa karibu ilikuwa boma la wafugaji, na watu wa boma lile hawakuwa na hamu ya kusalimiana na mtu wa shamba lililomeza malisho yao. Mavuno yakiwa mbali, Alfredi aliweza kumaliza siku nzima bila kuambiwa neno na kiumbe chochote isipokuwa redio.

Alianza na chui. Jioni moja alisema kuna chui amelala juu ya kombaini, amekunja mkia. Mashamba yote yakamrukia kwa maswali. Mkubwa? Bado yupo? Anakuangalia? Alfredi alijibu moja moja, akiongeza chumvi kila alipoona mchuzi unapoa, na usiku ule alilala mtu mashuhuri. Chui hakuwepo. Wiki iliyofuata wakaja wezi wa dizeli waliopaka masizi usoni, halafu chatu aliyemeza mbwa wa mlinzi, na mlinzi mwenyewe alipoulizwa alisema hajawahi kuwa na mbwa. Siku hizi, kwenye makundi ya simu, vijana wangesema anatafuta kiki. Wakati ule neno hilo halikuwepo, lakini ugonjwa ulikuwepo, na dawa waliyompa ilikuwa ileile wanayopewa wagonjwa wa leo: kumjibu, kumtukana, kumjibu tena. Alinenepa kwa hiyo.

Watu walicheka naye mpaka aliposema moto.

Ngano ilikuwa imekauka, imesimama rangi ya mchanga hadi upeo wa macho, na upepo unavuma. Mtu akitamka moto katika hali ile, haulizwi mara mbili. Alfredi alisema moto umeingia upande wa mashariki, haki ya Mungu safari hii ni kweli, na matrekta ya maji yakatoka mashamba yote kwa mwendo wa kufa. Moja lilipinduka korongoni. Dereva wake, baba wa watoto wadogo, alivunjika nyonga, na hakutembea tena bila gongo. Waliofika Shamba la Mwisho hawakuona hata moshi wa sigara. Alfredi alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, anatabasamu kwa wasiwasi. Alisema alitaka kujua kama wako macho.

Meneja alitaka kumfukuza palepale. Shida ni kwamba nani angekwenda kukaa kule badala yake? Kila aliyetajwa aligundua ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani. Ndipo Hilaria, aliyekuwa ameitwa kikaoni pamoja na wahudumu wengine, akasimama. Alikuwa amejaa hasira, na chini ya hasira ilikuwepo hofu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameyaamuru matrekta yale yatoke.

"Kwetu mtu wa namna hii hafukuzwi," alisema. "Anatengwa. Anataka masikio yetu, basi tumnyime masikio. Akitoa ripoti tumwambie imepokelewa, tuishie hapo. Akisema kingine chochote, msimjibu. Hata akisalimia, msimjibu. Atachoka mwenyewe."

Helena wa Shamba la Kati, ambaye hakuwa mwepesi wa kukubali mambo, aliuliza, "Na siku akisema kweli?"

"Akisema kweli tutamjua kwa sauti," Hilaria alimjibu.

Kikao kikafurahi. Meneja akasema hapo mama ameongea. Kuna jambo moja Hilaria hakulipima, na hakuwa na wa kumkumbusha: kule Nambis mtu aliyetengwa aliambiwa ametengwa, na alijua apike nini na apige magoti mlango gani ili arudi. Tena alikuwa na mke na ng'ombe wa kumpigia mluzi. Alfredi hakuambiwa kitu. Siku moja tu alisema habari za jioni jamani, na dunia nzima ikawa haina mtu.

Dawa ilifanya kazi, hilo lazima lisemwe. Mwanzoni Alfredi alipandisha sauti. Akaleta simba, akaleta maiti mtoni, akaleta ndege iliyotua katikati ya ngano. Kimya. Akatukana, na akaomba radhi siku hiyohiyo. Kimya. Kisha akaanza kuimba nyimbo za kanisani, zote hadi beti za mwisho, na baadaye kusoma gazeti la zamani kwa sauti, matangazo ya vifo na bei za mbolea, ukurasa kwa ukurasa. Hilaria alikaa na chombo chake mezani akisikiliza mtu anayesema na hewa. Alijiambia kwamba mambo yanakwenda vizuri. Lakini alikuwa akimwaza mtu yule wa njia ya Nambis mwenye midomo inayocheza. Hakumwambia mtu hofu hiyo. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, akajisemea, akashika sindano zake za kufumia.

Mavuno yalipokolea, Yoakimu alipelekwa Shamba la Mwisho kuziangalia kombaini. Siku chache baadaye lori likapeleka vibarua wapya huko, miongoni mwao Sulle, mtu wa Gitting, mume wa Justina aliyepika kwenye jiko la wafanyakazi. Justina na Hilaria walikuwa wamegawana ukuta mmoja wa nyumba na, kwa kweli, karibu kila kitu kingine. Chumvi ya mmoja ilikuwa chumvi ya mwenzake. Wakati lori linaondoka walisimama pamoja wakipunga mikono, na Justina akasema afadhali waume zao wamekwenda mahali pamoja, watalindana.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi kali ya Julai, wingu limefunika kilele cha Hanang na upepo unarusha makapi hadi dirishani. Watu walikuwa wameenda kula chakula cha mchana. Hilaria alikuwa anamfumia Yoakimu sweta, amefika kwenye mkono, chombo kilipokwaruza.

"Kituo Kikuu, Kituo Kikuu, huku Shamba la Mwisho. Kuna mtu ameumia. Kombaini imemshika mkono. Naomba gari na dresa wa zahanati. Ova."

Hilaria alisimamisha sindano. Sauti ilikuwa ya haraka, imekauka. Akasikiliza kama kuna mtu atajikwaa ajibu. Hakuna aliyejibu, aliwafundisha vizuri.

"Kituo Kikuu, huku Shamba la Mwisho. Ni kibarua, jina lake silijui, amekuja juzijuzi. Alikuwa anatoa majani yaliyokwama, mashine ikamvuta. Damu ni nyingi. Haki ya Mungu safari hii ni kweli. Ova."

Safari hii ni kweli. Ndivyo alivyosema siku ya moto, maneno yaleyale, na kiapo kilekile. Hilaria alihisi hasira ikimpanda, na hasira ilimfariji kwa sababu ilikaa mahali pa woga.

Helena akaingia. "Kituo Kikuu, huku Shamba la Kati. Umemsikia huyo? Sauti yake naiona si ya kawaida. Ova."

Hilaria alibonyeza kitufe. "Nimesikia. Tunaendelea kama tulivyokubaliana. Ova."

"Sawa. Ova," Helena akasema.

Hilaria alijipangia hoja zake, na hoja zilikuwa nzuri. Yoakimu yuko kule. Mtu akiumia, Yoakimu mwenyewe angekuja kwenye redio. Landrova ni moja, petroli ni ya kibali, na iliyomo inatosha kwenda Shamba la Mwisho na kurudi, basi. Ikienda kumtafuta chui mwingine, kesho mama mwenye uchungu wa kujifungua atapelekwa hospitali na nini? Sauti inatetemeka? Siku ya moto pia ilitetemeka. Mwongo aliyezoea hutetemeka vizuri kuliko mkweli. Akapunguza sauti ya chombo, akahesabu upya vitanzi vya sweta, akakosea, akafumua.

Alfredi aliita tena, na tena. Sasa hakuwa anasema habari nyingi. Alisema tu gari, naomba gari, halafu anakohoa, halafu gari. Hakuongeza simba wala ndege. Hilaria aliligundua hilo, likamchoma kama mwiba mdogo, akalisukuma pembeni. Wapishi walimaliza kuosha vyombo. Kengele ya kurudi kazini ikagongwa. Redio ikanyamaza muda mrefu, akashusha pumzi, akajiambia unaona sasa, amechoka.

Kisha chombo kikakwaruza kwa mara nyingine, na safari hii hakutaja kituo.

"Hilaria," Alfredi alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Ni Yoakimu."

Sindano zilianguka. Alijua kwamba mashamba yote yanasikiliza, kwamba huko kote watu wameinamia vyombo vyao kuona kama ataivunja sheria yake mwenyewe, na alijua pia kwamba mtu mwenye nia ya kumvunja asingechagua jina lingine. Aliyajua yote hayo kwa muda wa kufumba na kufumbua, na hayakumsaidia. Mkono ulishakibonyeza kitufe.

"Shamba la Mwisho, nakusikia. Gari linakuja. Yuko hai? Ova."

"Yuko hai. Fanyeni haraka. Ova."

Alingoja aongeze neno. Alfredi hakuongeza. Mtu ambaye maisha yake yote ya redio alikuwa akitia chumvi, leo alipopewa sikio alisema maneno manne akaondoka, na hilo lilimtisha Hilaria kuliko damu yoyote ambayo angeweza kuitaja.

Alikimbia uani. Dereva Nicodemo, mzee mwenye mvi ambaye Hilaria hajawahi kupita mbele yake bila kumwamkia, alikuwa anafuta kioo cha Landrova. Hilaria alifika akashika mlango wa gari, hakusema shikamoo. Nicodemo alimtazama, akatupa kitambaa chini.

"Wapi?"

"Shamba la Mwisho. Mume wangu. Mpitie dresa."

"Na kibali cha meneja?"

"Nitakufa nacho mimi."

Gari lilitoka na vumbi lake. Ndipo kungoja kulipoanza, na nani asiyejua kungoja. Hilaria alirudi kwenye chombo.

"Shamba la Mwisho, Shamba la Mwisho, huku Kituo Kikuu. Gari limeshatoka. Anaendeleaje? Ova."

Kimya.

"Shamba la Mwisho, nijibu. Ova."

Upepo ulikuwa unapiga bati. Aliita akiwa ameketi, akaita akiwa amesimama, akaita kwa jina, Alfredi, kaka yangu, nijibu. Aliomba. Watu wa mashamba mengine walimsikia akiomba, wakakaa kimya kwa heshima, na kimya chao nacho kikamla. Je, amekufa? Je, Alfredi ameona aibu kumwambia? Au yuko pale anasikiliza, ameshika chombo mkononi, anamfurahia? Hilaria alijikuta anaomba Mungu iwe hivyo, iwe ni uongo, iwe ni kisasi cha kijana mpumbavu, na yeye achekwe tambarare nzima hadi uzeeni.

Habari haina miguu lakini hukimbia. Wanawake wa makazi walianza kufika, wakasimama uani, mbali kidogo na dirisha. Wote walikuwa Wakristo, rozari shingoni, lakini walikuwa watu wa Mbulu pia, na kwa mila ya wazee wao mtu aliyeguswa na kifo cha damu hasogelewi ovyo mpaka nyumba yake isafishwe. Mama Verediana, mkubwa wao, alikuwa anasali huku amewazuia wengine kwa mkono. Hilaria aliwaona kupitia kioo wamejipanga, hakuna anayevuka. Akaelewa kwamba kwao yeye ameshakuwa mjane.

Aliyevuka ni Justina. Aliingia na unga wa ugali kwenye vidole, hakubisha hodi, akavuta kiti akaketi, akamshika Hilaria mikono yote miwili.

"Dada, usitangulie kulia," alisema.

"Hanijibu, Justina. Namwita, hanijibu."

"Huenda amekwenda kusaidia. Na Sulle yuko hukohuko. Mume wangu unamjua, ana nguvu za ng'ombe. Atakuwa amembeba Yoakimu mgongoni mpaka barabarani."

"Wewe unadhani?"

"Nadhani nini? Najua. Sulle hawezi kumwacha mtu." Akamfuta Hilaria machozi kwa kitambaa chake cha kichwani, akamwachia unga shavuni. "Mimi ningekuwa na hofu kama angekuwa peke yake."

Walikaa hivyo. Justina alisali Salamu Maria, na Hilaria alijaribu kumfuata, lakini kila alipofika katikati alipotea. Alikuwa anaona mikono ya Yoakimu. Aliiona ikiokota parafujo ndogo kwenye vumbi, ikimenya kiazi, na hakuweza kuamua ni upi ambao mashine imeuchukua.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Helena alipoita.

"Kituo Kikuu, huku Shamba la Kati. Landrova inarudi. Imepita hapa sasa hivi. Inakwenda polepole. Ova."

Hilaria hakujibu. Hapakuwa na mtu wa mashamba asiyejua maana yake. Gari lenye mgonjwa hurushwa kwenye mashimo bila huruma. Linalokwenda polepole halina tena mtu wa kuwahishwa. Justina alimwinua kwa kwapa, akamtoa nje, na wanawake wakarudi nyuma kuwapisha. Walisimama wawili peke yao katikati ya uwanja, mmoja amemshikilia mwenzake asianguke, wakilitazama vumbi likikua.

Landrova iliingia getini ikasimama. Mlango wa mbele ukafunguka. Yoakimu akashuka kwa miguu yake.

Alikuwa na damu hadi viwikoni, shati limelowa, lakini mikono yote miwili ilikuwa mahali pake. Hilaria alitoa sauti ambayo hakujua anayo. "Siyo yeye," alisema, halafu akapaza ile sauti yake iliyomfikisha kwenye redio, ikasikika hadi karakana. "Siyo yeye! Asante Mungu wangu, asante, siyo yeye." Akamkimbilia akamshika shati, akamgusa uso, akacheka huku analia. Wanawake walifunguka kama maji ya mfereji, vigelegele vikapanda. Na cha Justina kilikuwa kirefu kuliko vyote. Alikuwa amenyanyua kitambaa juu ya kichwa chake, anamshangilia mwenzake kwa moyo wote.

Yoakimu alinyoosha mkono kuwanyamazisha. Hakuwa anamtazama mkewe. Mmoja mmoja wanawake wakaishiwa sauti, mpaka ikabaki ya Justina peke yake, na yeye pia akaiacha, kitambaa kikiwa bado hewani.

"Shemeji Justina," Yoakimu alisema. "Kaa chini kwanza."

Justina hakukaa. Alitazama nyuma ya gari. Pale, kati ya dresa na machela iliyofunikwa turubai, alikuwa ameketi Alfredi, kifua wazi, shati lake limetumika kufungia mkono wa mtu. Wengi walikuwa hawajawahi kumwona. Alikuwa kijana mwembamba tu, wa kawaida, midomo imepasuka kwa upepo. Alishuka taratibu, kama mtu asiyeamini kwamba ardhi itampokea.

Hilaria, furaha ikiwa haijamtoka mwilini, alimgeukia. Alikuwa bado ameng'ang'ania shati la mumewe. "Uliniambia ni Yoakimu," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Kwa nini?"

Sauti ya Alfredi ilikuwa ileile ya kwenye redio, ila hapa uwanjani ilikuwa ndogo. "Nilianza na kweli. Tangu mchana. Fundi Yoakimu alikuwa amemkaza mkono ule damu isitoke, hakuweza kumwachia aje mwenyewe, akanituma mimi. Kila nikirudi kule shambani mgonjwa ananiuliza gari liko njiani? Namwambia liko njiani. Jina lake sikulijua, nalo lisingewasaidia. Nikaona jina la mumeo utalijibu."

Dresa alikuwa anatazama viatu vyake. Nicodemo alizima injini, na baada ya hapo uwanja wote ulikuwa na upepo tu.

Justina alikishusha kitambaa polepole. Hakwenda kwenye machela. Alimgeukia rafiki yake, uso bado una alama ya lile tabasamu la vigelegele.

"Hilaria," alisema. "Hapo mchana, ulimsikia?"

Akasubiri ajibiwe.